Tendo Lisilogawanyika: Nyuzi Mbili, Salio Moja

Katika toleo hili tunaeleza istilahi ya kompyuta inayowatatiza wanafunzi wetu: "tendo la atomu". Neno atomu asili yake ni Kigiriki, nalo lina maana ya kitu kisichogawanyika. Kwa kuwa wengi wakilisikia hufikiria bomu, sisi tunapendelea "tendo lisilogawanyika".

Tuchukue mfano. Mwenye duka wa Naguru, Kampala, ana salio la shilingi 100,000. Wateja wawili wanamlipa kwa simu wakati mmoja: huyu 20,000, yule 30,000. Programu ya nyuzi nyingi hushughulikia kila malipo kwa uzi wake. Kuongeza salio huonekana kuwa hatua moja, kumbe ni tatu: kusoma, kujumlisha na kuandika. Nyuzi zote mbili zikisoma 100,000 kabla hata mmoja haujaandika, wa kwanza utaandika 120,000, na wa pili utaifuta kwa kuandika 130,000. Salio halali ni 150,000. Shilingi 20,000 zimepotea bila mwizi.

Dawa mojawapo huitwa "linganisha kisha badilisha". Uzi huiagiza prosesa: kama salio bado ni 100,000, weka 130,000, kama limebadilika, usiandike. Ukikataliwa, husoma upya na kujaribu tena.

Ugumu ni kwamba prosesa hazina lugha moja. Za Intel hufanya kazi hiyo kwa amri moja. Za ARM, zilizomo katika simu nyingi, kwa muda mrefu zilihitaji mbili: kusoma na kuweka alama, kisha kuandika endapo alama haijavunjwa. Hivyo programu ya mashine moja haikufaa nyingine. Java ilileta matendo haya yakiwa tayari mwaka 2004, na viwango vya C na C++ vikafuata mwaka 2011. Sasa mwandishi hutaja tendo tu, na kompaila huchagua amri. Pasipo amri inayofaa, hutumika kufuli: uzi mmoja huingia, mwingine hungoja. Jibu ni sahihi, ila kasi hupungua.

Naguru ndiko yaliko makao makuu ya Polisi ya Uganda, na wengi hapa wamezoea Kiswahili kama lugha ya amri za askari. Tangu mwaka 2005 Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Basi na tukitumie pia kueleza amri za kompyuta.