JUA CHUMA KABLA YA KUCHOMELEA CHASISI

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii inafaa kwa nyumba. Inafaa pia kwa gari. Lakini ufa wa chasisi ukizibwa vibaya ni hatari kuliko ufa ulioachwa wazi. Ufa ulio wazi unaonekana. Ufa uliofunikwa kwa kiraka kibaya hauonekani, mpaka siku gari linapokatika njiani likiwa na mzigo na watu.

Chasisi ni uti wa mgongo wa gari. Injini, springi, magurudumu na mzigo wote vimeshikwa na chasisi. Lori la ushirika lina chasisi. Tela la trekta la kijiji nalo lina chasisi. Barabara za mashambani zina mashimo na makorongo, na mara nyingi mzigo unazidi kipimo. Kwa hiyo chasisi hupata nyufa. Mwenye gari hukimbilia kwa fundi wa kuchomelea, na fundi huwasha mashine mara moja. Hapo ndipo kosa linapoanza. Swali la kwanza lilikuwa halijaulizwa: hiki ni chuma gani?

Vyuma havifanani

Ukitazama kwa macho, vyuma vingi ni sawa. Vyote ni vizito na vyote hushika kutu. Tofauti imo ndani. Chuma kina kitu kinachoitwa kaboni. Makaa unayopikia ni kaboni kwa sehemu kubwa. Kaboni ikiwa kidogo, chuma huwa laini. Ikizidi, chuma huwa kigumu.

Fikiria kilo 100 za chuma. Katika chuma laini, kama kile cha kutengenezea milango na madirisha, kaboni haizidi robo kilo hivi. Katika springi ya gari hufika nusu kilo au zaidi kidogo. Katika tupa ya kunolea jembe huzidi kilo 1. Katika chuma cha kumimina, kama kile cha bloku za injini nyingi, hufika kilo 2 hadi 4.

Maarifa ya chuma si mageni kwetu. Huko Katuruka, mkoani Kagera, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya tanuri za chuma zenye umri wa karibu miaka 2000. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba wahunzi wa Buhaya waliweza kutengeneza chuma chenye kaboni katika tanuri za udongo. Mhunzi wa kijijini anajua hadi leo kwamba kuna chuma cha jembe na chuma cha kisu.

Kwa nini kiraka hukatika pembeni

Mhunzi akitaka kisu kiwe kikali hufanya nini? Hupasha chuma mpaka kiwe chekundu, kisha hukitumbukiza majini. Kazi hii huitwa kutia matiko. Chuma chenye kaboni nyingi kikipozwa upesi hivyo huwa kigumu sana. Lakini pia huvunjika kwa urahisi, kama kioo.

Kuchomelea hufanya kazi ile ile bila maji. Moto wa mashine huyeyusha sehemu ndogo tu. Chuma baridi kilichozunguka sehemu hiyo hunyonya moto upesi. Kama chuma hicho kina kaboni nyingi, kando ya mshono huwa kama kioo. Gari likipita kwenye shimo, ufa mpya huanzia hapo. Mshono wenyewe utauona mzima. Kilichokatika ni chuma cha pembeni yake.

Ndiyo maana ni hatari kuchukua kipande cha springi kuukuu na kukichomelea kwenye chasisi kiwe kiraka. Watu husema springi ni ngumu, basi itaimarisha. Sivyo. Ugumu wake ndio unaoleta ufa.

Kuna hatari ya pili. Malori mengi makubwa yana chasisi iliyotiwa matiko kiwandani kwa utaratibu maalumu. Chasisi ya namna hiyo inaweza kuwa na nguvu karibu mara 3 ya chuma laini. Ukiichomelea ovyo, moto huondoa matiko yale. Chuma kilicho kando ya mshono hulegea na kupoteza nguvu yake.

Namna ya kukitambua chuma

Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine.

1. *Soma kwanza.* Safisha matope na grisi kwenye chasisi. Malori mengine yana kibandiko kinachokataza kuchomelea au kutoboa. Tafuta pia kitabu cha gari, au muulize wakala wa kiwanda. Hatua hii ni kubwa kuliko zote. Vipimo vinavyofuata haviwezi kukuambia kwa hakika kama chasisi imetiwa matiko.

2. *Tumia sumaku.* Chuma cha kawaida hushikwa na sumaku. Kisiposhikwa, huenda ni alumini au chuma kisichoshika kutu. Hicho kina vijiti vyake na ufundi wake. Lakini sumaku haiwezi kutenganisha chuma laini na springi. Inashika vyote viwili.

3. *Tumia tupa.* Sugua pale penye ufa, maana hapo patasagwa hata hivyo. Usitie alama kwenye sehemu nzima ya chasisi, hasa ukingoni. Alama ndogo inaweza kuwa mwanzo wa ufa. Chuma laini hukatwa na tupa bila shida. Chuma kigumu husumbua, na kigumu sana huitelezesha tupa.

4. *Tazama cheche.* Vaa miwani ya kinga. Gusisha chuma kidogo kwenye jiwe la mashine ya kusagia, mahali penye kivuli. Chuma laini hutoa cheche ndefu za rangi ya majani makavu, zenye matawi machache. Chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi zinazopasuka kama nyota nyingi. Chuma cha kumimina hutoa cheche fupi zaidi, na karibu na jiwe huwa nyekundu. Usitegemee kumbukumbu. Weka karibu vipande unavyovijua: bamba la kawaida, kipande cha springi na tupa kuukuu. Saga kimoja kimoja, kisha linganisha.

5. *Jaribu kwa moto na maji.* Kipimo hiki ni cha chuma unachotaka kukifanya kiraka. Usikifanye kwenye chasisi. Kata kipande kidogo. Kipashe kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, kisha kitumbukize majini. Kikipoa, kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa gunia, ukigonge kwa nyundo. Kikipinda, ni chuma laini na kinafaa kwa chasisi ya chuma laini. Kikikatika kwa ghafla, kaboni ni nyingi. Kiweke kando.

Baada ya kukitambua

Kama chasisi ni ya chuma laini, inaweza kuchomelewa. Toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee. Saga ufa uwe kama mfereji, moto ufike chini. Mafundi wengi hutumia vijiti vya namba 7018. Vijiti hivyo lazima viwe vikavu kabisa, kwa sababu unyevu huleta nyufa ndani ya mshono. Acha mshono upoe wenyewe. Usimwagie maji hata kama dereva ana haraka. Kiraka kikatwe mshazari kwenye ncha zake, maana ncha iliyosimama wima hukusanya nguvu mahali pamoja.

Kama chasisi imetiwa matiko, au hujui, usichomelee. Fuata maelekezo ya kiwanda, au lipeleke gari kwenye karakana inayoijua kazi hiyo. Mara nyingine dawa ni kiraka cha bolti, na mara nyingine ni kubadilisha chasisi. Gharama ni kubwa, lakini mtu akifa haletewi spea.

Kabla ya kuwasha mashine, ondoa nyaya za betri. Weka mbali tangi la mafuta na mipira ya breki. Waya wa kurudisha umeme ubanwe karibu na mahali pa kazi, ili umeme usipitie kwenye beringi za magurudumu. Na kamwe usichomelee tangi la mafuta, hata likiwa tupu. Mvuke wake hulipuka.

Maswali ya kumwuliza fundi

Huenda wewe si fundi. Lakini ukiwa mwenye gari, au mjumbe wa kamati ya ushirika, una haki ya kuuliza. Muulize fundi maswali haya manne:

Chasisi hii ni ya chuma gani?

Umejuaje?

Kiraka hiki umekitoa wapi?

Ufa huu umeletwa na nini?

Swali la nne lisisahauliwe. Kama ufa uliletwa na mzigo kuzidi, au bolti za springi kulegea, kiraka hata kikiwa kizuri kitakatika tena. Punguza mzigo na kaza bolti.

Fundi mzuri hatakasirika akiulizwa. Atachukua tupa, atakuonyesha cheche, naye atakueleza. Asiyeweza kujibu asiguse chasisi yenu.