Risasi ya Askari wa Posta

Wajukuu zangu, sogeeni. Nyote mnamjua yule askari wa shaba anayesimama pale Posta, Dar, mtaa wa Samora unapokutana na wa Azikiwe, bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini. Yupo hapo tangu 1927. Kabla yake palisimama Mjerumani, Hermann von Wissmann, akang'olewa Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Huyu wa sasa aliwekwa kuwakumbuka askari wa Kiafrika, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Ndio hao wapagazi waliotuachia jina la Kariakoo.

Kila nikipita hapo na mtoto, swali ni lilelile: Babu, akifyatua, risasi inakwenda mbio kiasi gani?

Jibu lipo. Risasi ya Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Waingereza wakati ule, ilitoka mtutuni kwa mita 744 hivi kwa sekunde. Treni yetu ya umeme ya kwenda Morogoro, ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa, inakata mita 44 na ushee tu kwa sekunde. Risasi inaipita karibu mara 17. Lakini msiridhike upesi. Hiyo 744 nani aliipima? Na kipimo chake, nacho nani alikipima?

Mtu wa kwanza kulijibu vizuri swali la kasi ya risasi alikuwa Mwingereza Benjamin Robins. Mwaka 1742 alitoa kitabu kuhusu mizinga na bunduki, na ndani yake kulikuwa na ujanja unaonifurahisha mpaka leo. Saa za wakati wake hazikuweza kuikamata risasi, kwa hiyo akaachana na saa. Alitundika gogo zito likawa linaning'inia kama bembea, akalipiga risasi, kisha akapima gogo limesukumwa umbali gani. Risasi inayokwama ndani ya gogo hulikabidhi msukumo wake wote. Ukijua uzito wa risasi, uzito wa gogo na limebembea kiasi gani, unarudi nyuma kwa hesabu mpaka unaipata kasi. Mizani, rula na kalamu, basi!

Siku hizi wapiga shabaha wanatumia kronografu. Ni kijisanduku chenye macho mawili ya umeme yanayotazama juu angani. Risasi ikipita juu ya jicho la kwanza, kivuli chake kinaanzisha saa. Ikipita juu ya jicho la pili, saa inasimama. Macho yakiwa yameachana sentimita 30, risasi yetu ya mita 744 inavuka nafasi hiyo kwa sehemu 403 tu za milioni ya sekunde. Kijisanduku kinagawa umbali kwa muda, kinaandika namba kwenye kioo, na mwenye nacho anaiamini kama hati ya kiwanja.

Hapo ndipo mimi nauliza: je, kinasema kweli?

Nendeni sokoni Kariakoo siku wanapopita watu wa Wakala wa Vipimo. Hawaiulizi mizani kama ni nzima. Wanakuja na mawe yao ya kupimia ambayo uzito wake unajulikana tangu huko yalikotoka, wanayaweka juu ya sahani, wanatazama mizani inasema nini. Kwa kronografu shida ni kwamba hakuna duka linalouza risasi yenye kasi iliyothibitishwa. Hata risasi za boksi moja hutofautiana kidogo zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo namba iliyochapwa kwenye boksi haiwezi kuwa jiwe la kupimia.

Wengi hununua kronografu ya pili, wakaipanga nyuma ya ile ya kwanza, wakapiga risasi moja ipite juu ya zote mbili. Ni njia nzuri kuliko watu wanavyodhani, mradi ujue unachokitafuta. Ya pili inatakiwa isome pungufu kidogo, kwa sababu hewa imeshaanza kuikaba risasi. Ikisoma zaidi, kuna iliyodanganya. Kisha unazibadilishia nafasi na kupiga tena, ili ujue kosa linafuata nafasi au linafuata chombo. Ila zikikubaliana bado usishangilie: huenda zote mbili zimekosea namna moja, hasa kama zimetoka kiwanda kimoja.

Basi tafuta kosa pale linapozaliwa. Macho yakiachana milimita moja zaidi ya ile mita 0.3 ambayo chombo kinaijua, kwa risasi yetu namba inapungua mita 2.5 hivi kwa sekunde. Chombo kikiinama nyuzi 10, risasi inakwenda mwendo mrefu zaidi kati ya macho yale, na kasi inasomeka pungufu kwa asilimia moja na nusu. Ukikiweka karibu mno na mtutu, moshi na mshindo vinaweza kuliamsha jicho kabla risasi haijafika. Na ndani ya ukumbi, taa nyingi zinazotumia umeme wetu humeta mara 100 kwa sekunde. Wewe huoni, jicho la umeme linaona.

Bunduki sisi hatuigusi. Lakini kronografu mnayo nyumbani: simu yenye video ya mwendo wa polepole, ile inayodai kupiga fremu 240 kwa sekunde. Madai hayo tutayapima, tena kwa jiwe la kupimia ambalo Mungu ametupa bure.

Chukueni gololi na tepu ya fundi. Pimeni mita 1.25 kutoka sakafuni, bandikeni alama ukutani, shikeni gololi usawa wa alama. Simu iegemezwe mahali isitikisike. Rekodini, halafu iachieni gololi. Msiitupe, iachieni tu. Dar iko karibu na ikweta na iko usawa wa bahari, kwa hiyo dunia inavuta kwa mita 9.78 kwa sekunde kila sekunde, ilhali London inavuta kwa 9.81. Kwa mvuto wetu, gololi itagusa sakafu baada ya sekunde 0.506. Sasa fungueni ile video, msogeze fremu moja moja mkihesabu tangu vidole vinapoachia mpaka inapogota chini. Simu ya kweli itawapa fremu 121, mbili juu au mbili chini. Mkipata 60, inapiga 120 na kujiita 240.

Kuna ulaghai mmoja wa hila zaidi. Simu nyingine hupiga 120, kisha hurudia kila picha mara mbili ili hesabu itimie. Mtapata 121 na kufurahi bure. Tazameni gololi yenyewe: ikiwa fremu mbili mbili zinaionyesha mahali palepale, imeganda hewani, mmeshamkamata mwizi.

Simu ikishapita mtihani huo, nendeni nayo Viwanja vya Mnazi Mmoja mkapige penalti. Pimeni mita 11 kwa tepu, si kwa hatua za miguu, maana kila mtoto ana hatua zake na mwenye kutaka sifa huzirefusha. Hesabuni fremu kutoka mguu unapogusa mpira mpaka mpira unapovuka mstari wa goli. Zikiwa 106, mpira umekwenda mita 25 kwa sekunde, kilomita 90 kwa saa. Hiyo ni kasi ya wastani. Mguuni ulitoka na mbio zaidi, hewa ikaupunguza njiani kama ilivyoikaba risasi.

Fremu ya kugusa hamtaijua sawasawa, wala ile ya kuvuka mstari. Mkikosea moja huku na moja kule, kasi inayumba kwa karibu nusu mita kwa sekunde. Kwa hiyo daftarini andikeni 25, na pembeni yake: nusu juu au nusu chini. Mmoja akija na 25.2, mwingine akatamba na 25.4 akidai yeye ndiye mwenye shuti kali mtaa mzima, mwambieni ngoma droo, arudi kwenye nukta apige tena.