Ni Nani Aliyechukua Anwani za Maabara?

Hapa kwetu Kona Baridi upepo haumwulizi mtu kama amevaa sweta. Wengi wenu mnaikumbuka Jumatatu ile ya mwezi wa Mei, 2025, ndugu zetu wa Kidato cha Nne walipoingia maabara ya kompyuta kuchapisha kazi yao ya mradi wakatoka mikono mitupu. Kompyuta zote 24 ziliwaka, lakini 11 pekee ndizo zilizopata mtandao. Printa nayo ilinyamaza kama mtu aliyenuna. Siku ya mwisho ya kukusanya kazi ilikuwa Alhamisi. Maneno yakaanza: ati ni virusi, ati stima imechoma waya, ati vijana wa Kidato cha Tatu wamechezea mashine. Mimi ni wa Kidato cha Tatu, na hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hatukuchezea kitu. Anwani zilikuwa zimekwisha, na nitaeleza zilikwishaje.

Kila mashine iliyo kwenye mtandao lazima iwe na anwani yake, kama vile barua isivyofika bila sanduku la posta. Anwani hiyo ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Za shule yetu zinaanza na 192.168.1, kisha namba ya mwisho ndiyo inayotofautisha mashine moja na nyingine. Mashine mbili zikiwa na anwani moja, ni vita.

Zamani fundi alilazimika kuketi mbele ya kila mashine na kuiandikia anwani kwa mkono. Mwaka 1985 ulitokea utaratibu ulioitwa BOOTP, ambao uliiwezesha mashine kuuliza anwani yake kwa seva, lakini bado mtu alipaswa kuandika orodha nzima mapema. Mwezi wa Oktoba 1993 Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani, akatoa utaratibu wa DHCP, uliorekebishwa mwaka 1997. Jambo jipya kubwa lilikuwa hili: anwani haitolewi moja kwa moja, bali inakodishwa kwa muda. Hapo kwenye kukodisha ndipo penye kisa chetu.

Chukua mfano wa ploti za kupangisha kule Kiserian au Rongai. Ploti ina vyumba vyenye namba na msimamizi mwenye funguo. Mgeni anafika langoni, hamjui msimamizi, kwa hiyo anapaza sauti: "Hodi! Nani ana chumba hapa?" Msimamizi anajibu, "Chumba cha 37 kiko wazi." Mgeni anasema tena kwa sauti, "Basi nachukua hicho cha 37 cha fulani." Msimamizi anamalizia, "Haya, ni chako mpaka tarehe fulani." Maneno manne tu, na kompyuta huyamaliza kabla hujapepesa jicho. Nilimwuliza mwalimu kwa nini mgeni anarudia kwa sauti ilhali ameshajibiwa. Kumbe huenda wasimamizi wawili walimjibu kwa pamoja, na yule asiyechaguliwa akisikia, anarudisha ufunguo wake mfukoni.

Pamoja na ufunguo, mpangaji huonyeshwa lango la kutokea nje kwenda kwenye intaneti na mahali pa kuulizia majina ya mitandao. Nusu ya muda wake ikifika, anarudi kuomba aongezewe. Asiporudi, siku zikiisha chumba kinapewa mwingine.

Sasa tazameni yaliyotupata. Seva yetu ilikuwa imeambiwa igawe kuanzia namba 20 hadi 60, yaani vyumba 41, na kila mpangaji akae siku nane. Shule ilifungwa mwezi wa Aprili. Kompyuta za maabara zilizimwa, siku nane zikapita, zikapoteza vyumba vyao vyote. Shule ilipofunguliwa, maabara ikabaki imefungwa. Ijumaa wazazi wakaja mkutanoni, na mtu fulani (simtaji) akaandika neno la siri la mtandao ubaoni. Simu za wazazi na walimu zikabisha hodi zote, zikapewa funguo. Saa tisa wazazi wakapanda matatu wakaenda zao. Simu haina adabu ya kuaga. Inaondoka na ufunguo mfukoni, na seva inaendelea kukihesabu chumba kile kuwa kina mtu mpaka Jumamosi ya wiki inayofuata.

Jumatatu mwalimu alipofungua orodha ya seva, tulihesabu simu 29. Ongeza printa, jumla 30. Ndiyo maana zilibaki nafasi 11 tu kwa kompyuta 24. Zile 13 zilizokosa zilijipa zenyewe anwani inayoanza na 169.254, kama mpangaji aliyekosa chumba akalala kibarazani: anaweza kusemezana na wenzake wa kibarazani, lakini langoni hapiti. Ukiona namba hiyo, usilaumu waya kwanza. Kompyuta iliita na haikujibiwa.

Na printa je? Kabla ya likizo ilikuwa namba 37. Iliporudi ikapewa 52, kwa sababu 37 ilishachukuliwa. Kompyuta hazikuambiwa. Hata zile 11 zenye bahati zilikuwa zikipeleka kazi za Kidato cha Nne kwa simu ya mzazi ambayo saa hiyo pengine ilikuwa sokoni Kiserian. Tulicheka, ingawa wao hawakucheka.

Mwalimu alituchukua sisi watatu wa chama cha kompyuta, tukabaki jioni mbili baada ya masomo. Kila kadi ya mtandao ina namba yake ya kuzaliwa iitwayo MAC, yenye tarakimu 12, mchanganyiko wa namba na herufi A hadi F. Tulipita kompyuta moja moja, tukiandika amri ya ipconfig /all na kuinakili namba hiyo daftarini. Kisha tukaiambia seva: namba hii ikibisha hodi, ipe chumba hiki na mwingine yeyote asikiguse. Mimi nilisoma herufi B kama 8, na kompyuta moja ikatusumbua nusu saa nzima mpaka nikakiri. Printa nayo tukaiwekea chumba chake. Tukapanua ugawaji kuanzia 10 hadi 250, yaani anwani 241, na tukipunguza 25 zilizohifadhiwa zinabaki 216 za wageni.

Muda ndio uliotugombanisha. Mwenzangu alitaka nusu saa. Nikamwambia simu zitakuwa zinabisha hodi kila baada ya dakika 15. Tukakubaliana muda wa saa mbili: mzazi akiondoka, chumba chake kinarudi kabla ya giza. Pia tukazima ugawaji uliokuwa ndani ya kile kifaa cha intaneti, maana ploti moja haifai wasimamizi wawili.

Kidato cha Nne walichapisha Jumatano, karatasi ya mwisho ikitoka saa kumi na mbili kasorobo, mwalimu akiwa mlangoni na kufuli mkononi.

Palibaki tatizo moja. Naibu wa mwalimu mkuu alitaka simu yake nayo iwe na namba ya kudumu. Tukanakili MAC kutoka kwenye mipangilio ya simu, tukaiandika kwenye seva, wapi! Ilipewa namba ya wageni. Kumbe simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na za iPhone tangu mwaka 2020, huvaa MAC ya bandia kila mtandao, ili mwenye simu asifuatwe nyayo mahali hadi mahali. Tulifungua orodha ya seva, tukaisoma ile namba ya bandia iliyokuja nayo kwetu, tukaiandika hiyo. Ikakubali.

Wiki iliyofuata upepo ukaangusha stima kama kawaida yake. Iliporudi, tulikimbia maabara kutazama. Kompyuta 24 zilirudi kila moja na namba yake, na printa ilikuwa pale pale ilipoachwa.