Dungu la Mlinzi si Dungu la Mwindaji

Kwa shamba la Kaaga, Meru, linalopakana na Msitu wa Imenti, mavuno ya msimu mzima yanaweza kuisha usiku mmoja. Ndovu mzima hula zaidi ya kilo 100 za mimea kwa siku, na asichokila hukikanyaga. Ndiyo maana familia hujenga dungu, yaani jukwaa lililoinuliwa juu ya nguzo, ili wakeshe wakilinda mahindi. Ni kazi nzuri inayostahili kufanywa vizuri. Na ili ifanywe vizuri, lazima tutofautishe dungu la mlinzi na dungu la mwindaji.

Huko India, wawindaji wa chui milia walikuwa wakijenga machani, yaani majukwaa, juu ya miti na kukaa humo usiku kucha. Jim Corbett, aliyepata umaarufu kwa kazi hiyo, alimalizia maisha yake Nyeri, na Februari 1952 alikuwa katika hoteli ya Treetops pamoja na Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, wakitazama wanyama kutoka juu ya mugumo. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo anayejenga dungu ili aue mnyama anavunja sheria. Hata hivyo, fikra za mwindaji bado zinajipenyeza katika madungu yetu. Mwindaji hujificha kwa majani, hukaa gizani, huziba mdomo, huchagua upande ambao upepo hautapeleka harufu yake kwa mnyama, na hujenga kando ya njia anayopita mnyama huyo. Anataka mnyama aje. Mlinzi anataka asije, kwa hiyo afanye kinyume cha hayo yote: aonekane, asikike, anuswe.

Utafiti uliofanywa Transmara, nchini Kenya, na mtafiti Noah Sitati na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa mashamba yaliyonusurika zaidi ni yale ambayo wenyewe waliwagundua ndovu mapema, wakalinda kwa bidii na wakawafukuza kwa vitendo. Neno kubwa hapo ni mapema. Ndovu aliye bado mpakani ni rahisi kumgeuza. Akishaingia katikati ya mahindi yanayobeba, kumwondoa ni shida na ni hatari. Dungu basi ni jicho na sauti ya shamba. Si ngome. Ndovu dume akiamua kusukuma nguzo za mbao, zitaanguka.

Kwa sababu hiyo, usilijenge mpakani wala kwenye njia ya ndovu. Lisogeze ndani, kati ya msitu na nyumba, mahali unapoona mpaka wote na ambapo njia ya kurudi nyumbani iko wazi na haina mashimo. Palilia kipande cha ardhi kinacholizunguka, ili asifike mnyama chini yako bila wewe kumwona.

Urefu wake huamuliwa na mahindi. Aina za nyanda za juu hukaribia mita 3, na jicho la mlinzi aliyeketi lazima lipite juu ya mbelewele. Sakafu ya mita 3 kutoka ardhini inatosha. Kupanda zaidi huongeza kuyumba na hatari ya kuanguka, na usalama hauongezeki. Tumia nguzo nne za mkaratusi zilizotiwa dawa, zenye unene wa sentimita 15 hivi na urefu wa mita 5 na nusu. Mita 1 iingie ardhini; sehemu inayobaki juu ya sakafu ishike ukingo na paa. Udongo mwekundu wa Meru ni imara wakati wa kiangazi lakini hulegea mvua za Machi hadi Mei zikikolea, kwa hiyo weka jiwe bapa chini ya kila nguzo, shindilia kokoto kuizunguka, kisha inua udongo shinani ili maji yatiririke mbali. Mchwa na kuoza huanzia pale nguzo inapokutana na ardhi. Pakague kila msimu.

Dungu haliangushwi na uzito wa watu pekee. Kuyumba ndiko hulimaliza. Funga mbao za mshazari pande zote nne, kwa kuwa umbo la pembetatu halipindiki kama la mraba. Viungo vikuu vishikwe kwa bolti na nati, maana misumari hulegea kadiri nguzo zinavyotikisika. Ukingo uwe wa mita 1 kwenda juu, na ngazi ifungwe imara, ikiwa na mwinamo. Paa la mabati huzuia mvua na umande, lakini radi zikianza, shukeni wote mara moja: mnara mrefu ulio peke yake shambani ni mahali pabaya pa kungojea umeme wa mawingu.

Juu wekeni tochi yenye mwanga mkali, debe la kupiga na filimbi. Mpakani tandazeni waya wenye makopo yatakayolia ukiguswa. Ndovu ana akili na huzoea kelele moja, kwa hiyo badilisheni mbinu. Moshi wa pilipili iliyochanganywa na kinyesi kikavu humkera pua. Uwashwe chini, upande ambao upepo utaupeleka msituni, kamwe si juu ya jukwaa. Mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, mbinu ambayo mtafiti Lucy King aliijaribu Laikipia na baadaye Sagalla, Taita Taveta, hulinda mpaka na kuleta asali.

Nani akeshe? Watu wazima wawili wawili, kwa zamu. Watoto wanaweza kusaidia kufukuza tumbili mchana siku zisizo za shule, lakini usiku wa ndovu si wao. Mtoto anayesinzia darasani kwa sababu alilinda mahindi amelipia mavuno hayo bei kubwa mno. Majirani wanaopakana wakigawana zamu, kila nyumba hupata usiku wa kulala. Na mishale na mikuki ibaki nyumbani, maana ndovu au nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa kijiji kizima.

Mwisho, wekeni daftari kwenye dungu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu fidia kwa mazao yaliyoharibiwa na ndovu, lakini inamnyima fidia mkulima ambaye hakuchukua hatua za kuridhisha kuyalinda. Andikeni tarehe, saa, idadi ya wanyama, walikoingilia na mlichofanya, kisha ripotini haraka kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Dungu lililojengwa vizuri na daftari lililojazwa kila usiku ni ushahidi kwamba familia hii ililinda shamba lake, na kwamba ililinda bila kuua.