Aliyeuza Shamba ni Nani?

Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wengi wetu tunaiita Law School. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Kwenye daladala, redioni na kwenye makundi ya WhatsApp, kila mtu alikuwa na jibu: vijana hawajui Kiingereza. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na mjadala ukasambaa mbali kuliko lugha. Mimi nafundisha Kiingereza kwa wanafunzi wa sheria, kwa hiyo lile jibu la daladalani lilinikaa moyoni. Lina ukweli ndani yake, ila umekaa mahali ambapo watu hawautafuti.

Wanafunzi ninaowapokea Kiingereza wanakijua. Katika vipimo vya Baraza la Ulaya, vinavyotumika karibu dunia nzima, wengi wao wako ngazi ya B2, ya nne kati ya sita. Mtu wa ngazi hiyo anafuatilia taarifa ya habari, anaandika insha inayoeleweka, na anaweza kubishana juu ya Simba na Yanga kwa Kiingereza mpaka kengele ilie. Ukimpa gazeti, anasoma. Ukimpa kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachoeleza wizi ni nini, anasimama njiani.

Kifungu hicho ndicho somo langu la kwanza kila mwaka. Nakiandika ubaoni kizima, kisha naomba kitu kimoja tu: nitafutieni kitenzi kikuu. Karibu darasa lote hunyoosha mkono kwenye neno la mwanzo lenye maana ya kuchukua. Sivyo. Sentensi inaanza na mtu, halafu inamwekea masharti: anayechukua kwa udanganyifu, bila dai la haki, kitu kinachoweza kuibwa, au anayekigeuza kwa udanganyifu kiwe kwa matumizi ya mtu mwingine asiye mmiliki wake wa kawaida wala mmiliki wake maalumu. Ni huko mwishoni kabisa ndipo tunapoambiwa kwamba mtu huyo ndiye aliyeiba. Msomaji amebebeshwa masharti yote kabla hajajua anayabebea nini.

Hapo nachukua chaki ya rangi. Nyeupe kwa mtu na kitendo, nyekundu kwa kila sharti. Kisha tunahama kwenda Kiswahili, bila kuona haya. Nauliza: aliyechukua baiskeli akiamini kwa dhati kwamba ni yake, ameiba? Wanajadiliana, wanarudi ubaoni, wanagundua kwamba maneno machache ya rangi nyekundu, "bila dai la haki", ndiyo yanayomwokoa mtu huyo asiende jela. Mmiliki maalumu ni nani? Kimya. Nawatajia fundi simu wa Kariakoo aliyeizuia simu ya mteja kwa sababu hajalipwa ujira wa matengenezo. Mteja ndiye mwenye simu, lakini fundi naye ana haki juu yake, na sheria inamtambua. Macho yanafunguka. Waliyakuta maneno hayo kwenye vitini vyao na kuyakariri kwa ajili ya mtihani; sasa kuna mtu ndani yake.

Huo ndio ukweli ninaousema. Kijana wetu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, na tangu hapo akajifunza kuishi kwa kukariri. Kukariri kunamfikisha chuo kikuu. Sheria haikaririki namna hiyo, kwa kuwa uzito wote unakaa kwenye "isipokuwa", "endapo" na "bila ya". Kumwongezea msamiati, kama vitabu vingi vya Kiingereza cha sheria vinavyofanya kwa orodha ndefu za Kilatini, ni kumwongezea mzigo wa kukariri.

Wakishaweza kutembea ndani ya kifungu, nawapa hukumu. Naipenda kuliko zote ile ya Mahakama Kuu Mwanza ya mwaka 1990, Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Holaria alikuwa mama wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipoona uzee umemfika na hana wa kumtunza, mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo, mtoto wa ndugu yake, akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai mauzo ni batili, kwa maana kwa mila mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Kashasha alishinda, Mahakama ya Wilaya akashindwa, akakata rufaa Mwanza. Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inambagua mwanamke na inapingana na haki zilizomo kwenye Katiba, na kwamba Holaria alikuwa na haki ya kuuza kama ambavyo mwanamume angekuwa nayo.

Naomba muhtasari wa ukurasa mmoja. Kila mwaka zinakuja karatasi zinazosema kwamba "he" aliuza shamba. Kiswahili chetu hakina shida hiyo. "Aliuza" ni aliuza, awe baba au mama. Kwa hiyo mkono wa mwanafunzi unaandika "he" huku kichwa kikijua vizuri kwamba ni mama. Katika barua ya kawaida ningeweka alama ya kalamu nikaendelea. Katika kesi hii, ukimwita Holaria mwanamume, kesi yenyewe imekwisha: hakuna ubaguzi, hakuna Katiba iliyovunjwa, kuna mtu ameuza shamba lake tu. Naisoma sentensi hiyo kwa sauti darasani bila kumtaja mwandishi, nauliza, "Kama ni hivyo, jaji alikuwa anaamua nini?" Sijaona njia nyingine inayowafanya wairudie karatasi nzima kwa kalamu yao wenyewe.

Hukumu hiyo nawapa kwa sababu nyingine pia. Inaanza kwa sentensi fupi, nyepesi, ambazo mtu wa kidato cha nne angezielewa. Wanafunzi hushtuka. Wamezoea kuamini kwamba uwakili ni kuandika sentensi isiyoonekana mwisho wake, na ninapowaonyesha jaji wa Mahakama Kuu akiandika wazi kiasi hicho juu ya jambo zito kiasi hicho, baadhi yao huanza kufuta.

Kuzungumza hakunipi taabu sana. Kwenye kesi za mazoezi wanasimama na kusema "I want", jambo ambalo mbele ya jaji ni ukali. Namwambia kijana aniambie kwanza kwa Kiswahili, naye papo hapo ananyenyekea: "Mheshimiwa Jaji, kwa heshima kubwa, naomba kuwasilisha." Adabu anayo tayari kutoka nyumbani. Kazi yangu ni kumpa maneno ya kuivusha.

Wazazi huniuliza kwa nini tuhangaike, ilhali tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Nafurahia mabadiliko hayo kwa moyo wote. Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili muda mrefu kabla, na wananchi walizielewa. Lakini maamuzi ya miongo mingi ambayo wakili lazima ayarejee yaliandikwa kwa Kiingereza, na Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha, kwa mujibu wa Mkataba wa Jumuiya, inaendeshwa kwa lugha hiyo. Mama wa aina ya Holaria atakuja ofisini akiongea Kiswahili, au Kihaya. Majibu yake yamo ndani ya kurasa za Kiingereza, na anayeweza kumfikishia ni wakili aliyezisoma akazielewa.

Kwa hiyo zoezi langu la mwisho wa muhula lina barua mbili kuhusu jambo lilelile: moja ya Kiingereza kwenda kwa wakili msomi wa upande wa pili, nyingine ya Kiswahili kwenda kwa mteja. Ya pili ndiyo inayowatoa jasho. Aliyekariri anakwama hapo, maana hakuna kitini cha kunakili.

Ninalolidai kwa vyuo vyetu ni muda. Stadi za mawasiliano kwa kawaida hufundishwa mwaka wa kwanza, kisha basi, wakati hukumu ndefu zenye kurasa 40 na zaidi zinamkuta mwanafunzi mwaka wa tatu na wa nne, akiwa hana tena mwalimu wa lugha. Tupeni saa moja kwa wiki katika miaka hiyo. Na mwalimu wa mikataba na mwalimu wa Kiingereza wasahihishe karatasi ileile, kila mmoja kwa kalamu yake, kisha waketi pamoja na mwanafunzi mmoja mmoja.