Kuelewa "Usiguse" si Kuweza Kujizuia

Mtoto wa miezi 10 ametambaa mpaka penye chupa ya chai. Mama anasema, "Aa-aa, usiguse!" Mtoto anasita, anageuka, anamtazama mama usoni, kisha ananyoosha mkono na kuishika. Hukumu hutolewa hapo hapo: mkaidi huyu, anafanya makusudi. Kuna atakayemchapa kidole ili azoee mapema. Hukumu hiyo ina hatari yake, maana mzazi anayeamini kwamba mwanawe anakaidi tu huongeza ukali na kuiacha chupa pale pale chini.

Mtoto wa umri huo mara nyingi ameelewa. Amesikia sauti ya mama imebadilika, ndiyo maana akasita. Anachokosa ni nguvu ya kuurudisha mkono ambao umeshaanza kwenda. Uwezo wa kuelewa katazo huja mapema. Uwezo wa kujizuia huchelewa kwa miaka.

Mwanasaikolojia Adele Diamond alilichunguza jambo hili Marekani kwa kutumia kisanduku cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye uwazi upande mmoja tu. Humo aliweka kichezeo. Mtoto wa miezi 7 hivi, akikiona kichezeo kupitia upande uliozibwa, alipeleka mkono moja kwa moja, ukagonga plastiki. Akapeleka tena, ukagonga tena, ilhali uwazi ulikuwa pembeni tu. Watoto waliokaribia mwaka mmoja ndio walioweza kutazama upande mmoja na kupitisha mkono upande mwingine.

Alitumia pia jaribio lililoanzia kwa Jean Piaget wa Uswisi. Kichezeo hufichwa mahali pamoja mara kadhaa, na kila mara mtoto hukipata. Kisha hufichwa mahali pa pili, mtoto mwenyewe akiona. Akicheleweshwa sekunde chache tu, anarudi kupekua pale pa kwanza. Diamond aliona watoto ambao macho yao yalikuwa yametua mahali sahihi huku mkono ukienda mahali palipozoeleka. Kima wazima waliojeruhiwa sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso walikosea vivyo hivyo. Sehemu hiyo ndiyo breki ya matendo yetu, nayo huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka 20. Hata hivyo, shirika la Zero to Three lilipowauliza wazazi wa Marekani mwaka 2016, zaidi ya nusu walidhani kwamba mtoto anaweza kujizuia kufanya alichokatazwa kabla hajatimiza miaka 3. Wataalamu wa shirika hilo wanasema uwezo huo huanza kujengeka kati ya miaka 3 na nusu na 4.

Je, kumkataza kabla ya hapo ni kazi bure? Hapana. Mtoto anajifunza, na kitabu chake cha kwanza ni uso wa anayemlea. Mwaka 1985 watafiti wanne, akiwemo Joseph Campos, walichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo. Chini ya kioo, mtoto aliona sakafu ikishuka ghafla kiasi cha sentimita 30. Si kina cha kutisha sana, ila cha kumfanya ajiulize. Mama alisimama ng'ambo bila kusema neno. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja.

Sasa tazama yanayotokea majumbani. Mama anakataza huku anacheka, kwa sababu mtoto anapendeza. Bibi anasema "mwachie tu". Mjomba anapiga makofi mtoto anapovuta waya wa redio. Dada wa kazi anakataza leo, kesho amechoka. Mtoto huyo anasoma nyuso nne zenye majibu manne, na hana njia ya kujua lipi ndilo lenyewe. Katazo linafaa liwe fupi, litolewe kwa uso unaolingana na neno, na liwe lile lile kwa kila mtu wa nyumba. Pia yafaa makatazo yawe machache: moto, kisu, umeme, dawa, barabara. Anayesikia "usiguse" kila dakika huacha kulisikia.

Neno lisindikizwe na tendo. Mwondoe pale alipo, mpe sufuria tupu na mwiko apige kelele zake. Mkono unaotafuta kazi hutulia ukipewa kazi nyingine. Kuchapa hakuharakishi ukomavu wa ubongo. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti za miaka 50 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, wakaona kwamba kupigwa makofi kunaambatana na ukaidi zaidi na ugomvi zaidi.

Lakini kwa miaka ile ya kwanza, sehemu kubwa ya ulinzi ni mpangilio wa nyumba. Jiko la mkaa liinuliwe au lizungushiwe kizuizi. Kitambaa cha meza kinachoning'inia kiondolewe, maana mtoto akikivuta, uji wa moto unamshukia. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda: mtoto anaijua chupa ile kuwa ya kinywaji. Akiyanywa, asitapishwe, kwa kuwa yakirudi juu huweza kuingia kwenye mapafu na kuyaunguza. Akimbizwe hospitali. Daktari Henri Breault wa Windsor, Kanada, alichoka kuwatibu watoto waliokunywa dawa za wakubwa, na mwaka 1967 akawezesha kupatikana kwa kifuniko ambacho ni lazima ukibonyeze ndipo kizunguke. Visa vya sumu mjini mwake vilipungua sana, bila mtoto yeyote kuongezewa mahubiri.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo inamfaa mtu aliyekwisha kuonywa na mwenye akili ya kuchagua. Mtoto wa miezi 10 bado hana uchaguzi huo, na wembe haumfundishi kitu ambacho ubongo wake unaweza kukitumia kesho.

Grazyna Kochanska, wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliwafuatilia watoto kuanzia umri wa miezi 14. Aliona kwamba wale ambao wao na mama zao walikuwa wakisikilizana na kufurahiana ndio walioelekea zaidi kulishika katazo hata mama alipokuwa hayupo. Hilo ndilo lengo la malezi: utii unaobaki hata baada ya mkubwa kutoka chumbani. Mpaka ufike, tuinue jiko, tufunge kabati, turudie neno lile lile kwa subira, na tusimwadhibu mtoto kwa kukosa uwezo ambao bado unakua ndani yake.