Usaili na Mkuu wa Teknolojia: Vijana Wetu Wajiandaeje?



Baadhi ya kamati za parokia zimetuuliza swali ambalo hatuwezi kulikwepa. Kwa nini kijana aliyefaulu vizuri mafunzo ya kompyuta, akapita mchujo wa kwanza na wa pili, anaanguka kwenye mlango wa mwisho? Wafadhili nao wana haki ya kuuliza, maana ada ya kijana huyo wameilipa wao. Tumekaa na vijana wenyewe tukawasikiliza, na tumeona kwamba sehemu ya kosa ni letu. Tuliwafundisha kazi, lakini hatukuwafundisha kuieleza mbele ya mkubwa.

Katika makampuni makubwa ya simu na mabenki, usaili huwa wa hatua. Afisa utumishi huangalia vyeti, na mafundi humpima kijana kwa vitendo. Wakiridhika, humpeleka kwa mkurugenzi wa teknolojia, yule anayebeba lawama mitambo yote inapozimika. Huyu harudii mtihani wa mafundi. Anataka kujua kijana anaamuaje mambo, na kama anaweza kukabidhiwa mtambo usiku naye mkurugenzi akalala usingizi.

Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, katika barua yake ya mwaka 1998 kwa wanahisa alieleza kwamba mameneja wake hutakiwa kujiuliza mambo matatu kabla ya kuajiri: je, mtu huyu utavutiwa naye na kujifunza kwake? Je, atainua kiwango cha kundi analoingia? Na ni katika jambo gani anaweza kung'ara? Hakuna cheti kinachojibu maswali hayo. Yapo pia maswali ya mafumbo, kama vile mipira mingapi inajaza ndege, ambayo vijana hukesha wakiyakariri. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa utumishi wa Google wakati huo, alisema hadharani kwamba mafumbo ya namna hiyo ni kupoteza muda, kwa kuwa hayaonyeshi nani atafanya kazi vizuri. Kijana asiyaogope sana.

Kinachowaangusha vijana wetu zaidi ni adabu njema waliyolelewa nayo. Kwetu, kijana hajisifu mbele ya mkubwa. Akiulizwa alifanya nini, husema "tulifanya", "tulisaidiana". Mkurugenzi akisikia hivyo mara tatu, huandika kwamba huyu alikuwa mtazamaji. Hatusemi vijana waache heshima. Waamkie kama walivyofundishwa, ila wakifika kwenye kazi waseme "mimi" bila aibu.

Tuchukue mfano. Kijana ameingiza madaftari ya chama cha kuweka na kukopa kwenye kompyuta. Aeleze kwa mpangilio: hali ilikuwaje, yeye alipewa jukumu gani, alifanya nini kwa mikono yake, na matokeo yakawa nini. Aseme wanachama walikuwa wangapi, na hesabu ya mwezi iliyochukua siku kadhaa sasa inachukua muda gani. Hadithi mbili au tatu za namna hiyo, zilizozoewa kusimuliwa kwa dakika mbili kila moja, zinafaa kuliko kurasa kumi za majibu ya kukariri.

Moja kati ya hizo iwe ya kosa. Karibu kila mkurugenzi huuliza: ni lini uliharibu kitu? Kijana akijibu "sijawahi", ama hajafanya kazi, ama anaficha. Umeme ulikatika, kumbukumbu za wiki nzima zikapotea kwa sababu hakuweka nakala ya akiba: aseme hivyo, kisha aeleze alimwambia nani siku hiyo hiyo, alirudisha vipi zilizopotea, na alibadilisha utaratibu gani. Mkurugenzi anasikiliza hasa hilo la pili, kwamba alisema mapema.

Jambo lingine ni kuijua biashara yenyewe. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Watu wakaanza kuitumia kutumiana fedha, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilijengwa juu ya hitaji hilo. Mwombaji wa kazi katika kampuni ya simu anayefahamu habari hiyo ataongea kuhusu mteja, si mitambo tu. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa, kama Safaricom mwaka 2008 au Vodacom Tanzania mwaka 2017, hutoa taarifa za mwaka ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma bure. Asome walau ukurasa wa mkurugenzi mkuu na ule wa hatari zinazoikabili kampuni. Hapo ndipo yatatoka maswali mawili ya kuuliza mwishoni, maana kukaa kimya unapoambiwa "una swali?" huonekana kama kutojali.

Siku hizi mahojiano mengi hufanyika kwa video. Hapa kamati zinaweza kusaidia kwa gharama ndogo sana. Mkopesheni kijana chumba cha ofisi chenye mlango unaofungwa, akae akitazama dirisha ili uso upate mwanga, bando liwepo la kutosha, na mtu aangalie LUKU isije ikaisha katikati. (Na wanakwaya wahamishe mazoezi saa hiyo.)

Siku mbili kabla, mwombeni mzee mmoja wa parokia aliyewahi kuongoza ofisi akae upande wa pili wa meza na amhoji kwa nusu saa, kwa Kiingereza kama usaili utakuwa wa Kiingereza, akimkatiza na kumuuliza "kwa nini?" kila mara. Asimhurumie. Kwa kijana anayesafiri, nauli ya kwenda siku moja kabla ya usaili tumeiweka kwenye bajeti ya mafunzo. Kamati ituandikie mara tu barua ya wito inapofika, isisubiri kikao.